"Wangekuwa na shida wangeniambia"

Nimelisikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa mkurugenzi wa kampuni ya usambazaji bidhaa hapa Dar es Salaam. Ananiita daktari, ingawa nimeshamwambia mara mbili kwamba mimi ni mwanasaikolojia na siandiki dawa. "Daktari, hawa vijana nacheka nao. Kila asubuhi nawasalimia mmoja mmoja. Wangekuwa na shida wangeniambia."

Nikamuuliza huwa wanamjibu nini. "Wote wazima."

Jamani mabosi! Hivi ni nani kati yetu aliyelelewa kujibu "habari" kwa "mbaya"? Mtu yuko msibani, macho mekundu, ukimuuliza habari za hapa atakwambia nzuri, ndipo aongeze, "ila mzee katutoka." Wema unatangulia kwa sababu ya adabu, shida inakuja baada ya "ila". Sasa wewe unasalimia huku unatembea, simu sikioni, mlango wa ofisi umeshaufungua. Hiyo "ila" auambie mgongo wako?

Halafu kuna cheo. Kijana anayekuamkia shikamoo kila siku anajua ni wewe unayeamua mkataba wake uendelee au uishe. Anajua pia yule aliyesema mwaka jana kwamba kazi imemwelemea alipewa jina gani kantini. Bado tunataniana "wewe wa Mirembe", kana kwamba hospitali ile ya afya ya akili ya Dodoma ni tusi na si mahali watu wanapotibiwa. Kwa hiyo anasema mzima.

Basi acha kusubiri kuambiwa, tazama kazi. Mtu makini ameanza kukosea hesabu ndogo. Mchangamfu wa grupu la WhatsApp siku hizi anajibu "sawa" tu. Ruhusa za Jumatatu zimekuwa nyingi. Hayo huhitaji shahada kuyaona.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, likauweka miongoni mwa mambo ya ajira, si magonjwa. Mabosi wakisikia "si ugonjwa" wanafurahi: kumbe ni uvivu! Rudia kusoma. Kama si ugonjwa wa mtu, chanzo kiko kwenye kazi, na kazi umeipanga wewe. Hapo huwezi kuniletea mgonjwa nimtengeneze nimrudishe palepale.

Chukua maafisa mauzo wa mkurugenzi wangu huyu. Malengo ya mwezi yanatoka juu. Mzigo ghalani haupo. Mwenye duka anamfokea kijana, bosi anamfokea kijana, na kijana hana hata uwezo wa kubadili njia ya gari. Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, aliandika mwaka 1979 kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni madai makubwa ya kazi yanapokutana na uwezo mdogo wa kuamua. Nikimfundisha huyo kijana kuvuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, atavuta vizuri sana, na mzigo utaendelea kutokuwepo.

Nilipomtajia sheria, mkurugenzi alishangaa. Alitarajia mambo ya saikolojia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, likizo ya mwaka siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na cheti cha daktari kuhusu sonona ni cheti kama cha malaria. Kwake ujumbe wa kazi unaingia saa nne usiku, na asiyejibu anaulizwa asubuhi mbele ya wenzake. Anzia hapo. Ni bure.

Ukitaka kuuliza, uliza faraghani, na anza na ulichokiona: "Wiki tatu hizi ripoti zako zinachelewa, si kawaida yako. Kazi imekulemea wapi?" Kisha nyamaza. Usimchimbe mambo ya nyumbani, wala usimsimulie ulivyoteseka wewe ukianza maisha. "Mwombe Mungu" ni maneno mazuri, ila yakitoka kwa bosi mapema hivyo, mazungumzo yamekwisha. Akigusia kutaka kufa, usimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nami nina mashaka yangu. Niliwahi kushauri dada mmoja apumzishwe wiki mbili, akarudi hali mbaya zaidi. Kazini ndiko kulikompa sababu ya kuoga na kuvaa. Sisi tukamnyang'anya kwa nia njema. Tangu hapo naulizia kwanza kupunguza mzigo, na bado sina kanuni. Tena malipo yangu anayatoa mwajiri. Ninamwahidi kila mfanyakazi kwamba anachoniambia hakifiki kwa bosi, na kweli hakifiki. Ningekuwa yeye, ningeniamini? Sina hakika.

Mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaniomba nifanye semina tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Fulana zitakuwepo, na soda. Nikamwambia nitakuja, ila anitumie kwanza daftari la likizo la miaka miwili. Fulana ameshaniuliza saizi.

Daftari bado.