Je, wajua kwa nini kashata moja ya asubuhi nzima huliumiza jino kuliko tatu za mara moja?

Pita kijiwe cha kahawa Kariakoo saa mbili asubuhi. Utamkuta mtu na kashata moja mkononi. Anamega kipande kama ukucha, anapiga funda la kahawa chungu, anaendelea na ubishi wa Simba na Yanga. Baada ya robo saa anamega tena. Kashata hiyo hiyo humfikisha saa nne. Pembeni yake yupo mwenye haraka: anatafuna tatu, anasukutua kwa maji, anadandia daladala. Ukiuliza nani anayajaribu meno yake, wengi watamtaja huyu wa kashata tatu. Lakini aliye hatarini zaidi ni yule wa kashata moja.

Sababu imo kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka. Umejaa bakteria, na sukari unayokula wewe nao wanaila, kisha wanatoa asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: maji safi ni 7, na namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalsiamu na fosfati. Miaka ya 1940 Mmarekani Robert Stephan alipima ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari. Aliona pH ikiporomoka ndani ya dakika chache, halafu ikapanda taratibu sana. Kurudi pale ilipokuwa huchukua nusu saa hadi saa nzima.

Kinachoirudisha ni mate. Kwa siku tunatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, na kazi yake si kulainisha chakula tu. Huzimua asidi na kulirudishia jino madini yaliyotoka. Kwa hiyo jino hubomolewa na kukarabatiwa kila siku ya maisha yako. Mla kashata tatu alibomoa mara moja, mate yakapata muda mrefu wa ukarabati. Yule mwingine, kila mate yanapokaribia kumaliza kazi, anamega tena. Kiasi cha sukari nacho kina uzito wake, lakini idadi ya mara ndiyo watu wanayoisahau.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa njia inayotia uchungu. Kuanzia miaka ya 1940 katika hospitali ya Vipeholm, Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa makusudi bila ridhaa yao. Waliopewa sukari pamoja na mlo hawakudhurika sana. Waliopewa pipi za kunata kati ya mlo na mlo, meno yao yaliteketea. Tunalijua hili kwa gharama ya watu ambao hawakuulizwa, na mimi naona ni haki yao tulizingatie.

Sasa itazame Dar kwa jicho hilo. Dereva wa bodaboda ananywa kinywaji cha kuongeza nguvu kidogo kidogo toka Mbagala hadi Posta. Abiria kwenye foleni ya Ubungo ana soda, anaonja, anafunga kizibo, anaonja tena. Soda ina madhara mawili, kwani yenyewe tayari ni kali kwa asidi hata kabla bakteria hawajaigusa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iishie 25. Mtoto naye anamung'unya ubuyu wa rangi toka shule hadi nyumbani. Simzuii ubuyu. Mpe baada ya chakula cha mchana, amalize, anywe maji.

Usiku ndio wakati mbaya zaidi. Ukilala, mate hupungua mno. Nyumba nyingi hupiga mswaki asubuhi tu, kisha jioni ni chai ya sukari na maandazi, na moja kwa moja kitandani. Kama unaweza mara moja tu kwa siku, chagua usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha enameli. Tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, floraidi ibaki ikifanya kazi.

Ukoga ukiachwa huwasha pia fizi. Fizi inayovuja damu kila ukipiga mswaki ni fizi inayoumwa. Mwenye kisukari hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi zaidi, na fizi zilizovimba kwa muda mrefu hufanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitiwa. Maradhi haya mawili yanalishana. Halafu magego yakishang'oka, mtu huacha karanga, mahindi ya kuchoma na matunda magumu, anabaki na mkate uliochovywa kwenye chai tamu, ile ile iliyomponza.

Wengi huenda kwa daktari wa meno jino likishawanyima usingizi, na hapo mara nyingi linang'olewa. Dalili ya kwanza ya jino kuanza kuoza huwa ni doa jeupe lisilong'aa, karibu na fizi au kwenye mifereji ya magego, wala haliumi. Likionekana mapema, Amana, Temeke, Mwananyamala au popote penye kliniki ya meno, floraidi na kupunguza idadi ya mara za sukari vinaweza kulirudisha jino bila kuchimba.