Mpaka wetu na Rwanda haukuchorwa Berlin

Kijiwe cha kahawa pale Kirumba, Mwanza, hakikosi profesa. Basi la Rusumo, mpakani na Rwanda, likitajwa tu, utamsikia: "Ule mpaka Wazungu waliuchora Berlin, kwa rula."

Rula haikuhusika, wala Berlin. Mkutano wa 1884–85 usingeweza kuuchora, maana baadaye Rwanda, Burundi na Mwanza yetu zote zilitiwa ndani ya koloni moja la Mjerumani. Mpaka ulizaliwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur waliingia kutoka Kongo, wakaitwaa Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Mwingereza alishaingia Mwanza tangu Julai. Kila mmoja akakalia alipofika, huku akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Wapo wanaoamini Mbelgiji aliingia kwa kuitamani Rwanda. Alichokitamani kilikuwa mbali: ukingo wa kusini wa mto Kongo unapoingia baharini, mali ya Mreno. Hesabu yake ilikuwa Mwingereza apewe ardhi ya huku, Mreno afidiwe kwingine, naye apate ukingo wake. Mreno akagoma. Mbelgiji akabaki na rehani mkononi, na rehani yenyewe ni nchi mbili za watu.

Profesa atadakia: "Basi wakakubaliana mto Kagera." Si mara moja. Tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walisaini mapatano yaliyovuka mto. Milner alitaka njia ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, hivyo Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ikakatwa ikapewa Mwingereza. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, akapoteza watu na malisho. Akalalamika, wamisionari wakamsemea, shauri likafika Shirikisho la Mataifa, na mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Reli haikupita huko hadi leo. Ndipo mpaka ukashuka mtoni, na mwaka 1934 ukawekewa mkataba wake.

La Idi Amin wa Uganda nilimalize haraka, maana wengine husema vita vyake vilihamisha mpaka. Novemba 1978 alitangaza kwamba Uganda inaishia mto Kagera. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na mpaka wa Mutukula uko palepale, kwenye mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta walioafikiana Mwingereza na Mjerumani mwaka 1890. Huo kweli ni wa rula. Kumbe profesa wetu hakukosea sana, ila alipanda basi la Rusumo badala ya la Mutukula.