Kata kwenye karate ni nini, na kwa nini mtu anapiga ngumi hewani peke yake

Ukitaja neno kata kwetu huku kila mtu anaelewa la kwake, mmoja anafikiria diwani na ofisi ya mtendaji, mwingine ile kata ya kifuu ya kuchotea maji mtungini, mwingine anajua unamwambia akate kitu. Kata ya karate ni neno la Kijapani, limefanana tu na letu kwenye kutamka. Maana yake ni umbo, au tuseme kalibu, kama ile ya kufyatulia tofali, unashindilia udongo humo ndani na tofali linatoka na pembe zake. Sasa kwenye karate udongo wenyewe ni mwili wako.

Tukija kwenye mazoezi, kata ni mfululizo wa mapigo, vizuizi, hatua na kugeuka uliopangwa tangu zamani, una jina lake, una mwanzo na mwisho, na kwenye karate mara nyingi unaufanya bila mtu mbele yako. Huamui mwenyewe kwamba leo naanza kulia kesho kushoto. Mtu akipita nje ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, akachungulia dirishani anaona watu wamevaa nguo nyeupe wanapiga hewa, ghafla wanapiga ukelele mmoja mkali wote kwa pamoja, anajiuliza hawa wanapigana na nani. Ni swali zuri sana, na wengi wetu tunaopiga tizi hatujiulizi mpaka miaka imepita.

Wanapigana na mtu ambaye hayupo pale ila inabidi awepo kichwani, mwenye urefu wake, mkono wake, umbali wake. Ukipiga kata bila huyo mtu unabaki unarusha mikono tu.

Karate imetokea Okinawa, kusini mwa Japani, visiwa ambavyo zamani vilikuwa ufalme wao wenyewe wa Ryukyu, walikuwa wanafanya biashara na China kwahiyo mbinu nyingi zimetoka huko. Karne ya 19 Higaonna Kanryo alikwenda Fuzhou, China, akajifunza, akarudi Naha akafundisha, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye aliyeanzisha Goju-ryu, mtindo ambao una dojo zake mpaka Dar es Salaam. Wazee wale hawakuacha maandishi mengi, na hakukuwa na video ya kurudisha nyuma ukaangalia tena, walichokuwa nacho ni kata. Mwalimu anafunga mbinu zake ndani ya mfululizo, mwanafunzi anaubeba mwilini, mwalimu akifariki mbinu zimebaki. Kata ni daftari, yaani daftari ambalo halichanwi wala haliloi maji.

Mfano ulio karibu na sisi ni mtoto wa chuoni. Anahifadhi Juzuu Amma yote kabla hajajua tafsiri, herufi zimekaa sawa, pumzi zimekaa sawa, na hakuna anayesema mtoto anapoteza muda, kwasababu akikua akafundishwa tafsiri atazikuta aya zote zipo palepale. Kata inafundishwa hivyo hivyo, kwanza uihifadhi. Ila chuoni kila mtu anajua kwamba tafsiri ipo na ipo siku itafika, kwenye karate shida yetu ni kwamba kuna dojo nyingi tu ambazo tafsiri haifiki kabisa, watu wanahifadhi kata kumi na zaidi, mikanda wanapanda, na ukimsimamisha mmoja katikati ukamuuliza hapa mkono wako unafanya nini hana jibu. Hili linaniuma kweli.

Tafsiri hiyo inaitwa bunkai, yaani kuchambua, kukifungua kitu vipande vipande uone ndani. Acha nionyeshe sehemu moja.

Heian Shodan ndio kata ya kwanza kwa wengi wa Shotokan, mtindo mwingine wa karate, ina mijongeo 21. Unasimama, unageuka kushoto unafagia chini kwa mkono, ile gedan barai, unaingia hatua na ngumi ya kulia, unageuka nyuma moja kwa moja unafagia tena, safari hii kwa mkono wa kulia. Hapo panakuja kitu ambacho hakijirudii tena kwenye kata nzima: mguu wa mbele unavutwa nyuma kidogo, mkono wa kulia unarudi mwilini, unazunguka juu na kushuka kama nyundo, alafu unaendelea na safari. Mimi nilipiga kata hii miaka miwili bila kujua ule mkono unavutwa kwa nini. Nikauliza, nikajibiwa fanya kama mwenzako wa mbele. Sikuuliza kwa ubishi, nilitaka kujua tu, nikanyamaza.

Siku moja akaja sempai mmoja mgeni, yaani mwanafunzi mkubwa aliyetutangulia, akasimama mbele yangu akaniambia fagia chini. Nikafagia, akanidaka kifundo cha mkono, kanishika kweli siyo kwa kuigiza, akasema haya endelea na kata. Nikavuta mguu, mkono ukaja kifuani ukazunguka upande ule ambao kidole gumba chake kinakutana na vidole vingine, pale ndipo mshiko wa mtu yeyote ni dhaifu, ukachomoka, na ngumi ikashuka juu ya mkono uliokuwa umenishika. Haikufika sekunde mbili. Miaka miwili nimekuwa nikijifunza kuchomoa mkono ulioshikwa na sijui kama najifunza hicho!

Baada ya hapo hata ule mkono unaorudi kiunoni nikaanza kuuona tofauti. Kwenye karibu kila ngumi ya kata kuna mkono mmoja unatoka na mwingine unarudi kiunoni, wanauita hikite, wanaoanza wanaambiwa unaongeza nguvu ya ngumi. Sawa, lakini ukiingia kwenye bunkai ule mkono haurudi mtupu, umeshika kitu, mkono wa mtu au nguo yake, unamvuta huku ngumi ya pili inamfuata. Ukijua hivyo huwezi tena kuurudisha kilegevu, na mwalimu hahitaji kukupigia kelele.

Kwa nini tafsiri ilipotea njiani? Sehemu kubwa ya jibu, mimi naona, ni shule. Mwaka 1901 Itosu Anko alianza kufundisha karate kwenye shule ya msingi huko Shuri, Okinawa, akatengeneza na kata tano za kuanzia zinazoitwa Pinan. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache nyumbani kwake, wengine usiku, sasa ni watoto wengi wamepangwa mistari, huwezi kumfundisha kila mmoja namna ya kuvunja kiwiko cha mtu, na wala haifai. Wakafundishwa umbo na nguvu za mwili. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin akaipeleka karate Tokyo mwaka 1922, na zile Pinan akaja kuziita Heian. Kata zikaenda dunia nzima, tafsiri ikabaki nyuma kwenye dojo ndogondogo. Simlaumu Itosu hata kidogo, bila yeye pengine karate isingetufikia.

Kuna pia kata ya mashindano, hii nayo watu wanaichanganya. Kwenye Olimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021, kata ilikuwa na medali zake, Kiyuna Ryo wa Okinawa akachukua dhahabu kwa wanaume na Sandra Sánchez wa Hispania kwa wanawake. Kule unapewa alama kwa msimamo, kasi, nguvu, pumzi, na ukiwaangalia wale wawili utaelewa kwamba mtu anayesema kata ni ngoma hajawahi kuijaribu. Ila lengo ni tofauti kidogo, kule jaji lazima akuone, kwahiyo mijongeo inavutwa mirefu na mapozi yanakaa zaidi, na mtoto akiiga kwenye video bila mwalimu anabeba yale mapozi akidhani ndio kata yenyewe.

Na siyo karate peke yake, judo nayo ina kata. Kano Jigoro alianzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882, na ile Nage-no-kata yao inafanywa na watu wawili, mmoja anarusha na mwingine anarushwa, mirusho 15, kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Kwahiyo kuwa peke yako siyo sharti la kata. Sharti ni ile kalibu, kwamba umbo limeshapangwa na wewe ndio unaingia ndani yake.

Swali ninaloulizwa sana ni kata moja inachukua muda gani. Kuipanga kichwani, wiki mbili tatu inatosha kwa hii ya kwanza. Kuijua, wazee walisema kata moja miaka mitatu, na Funakoshi mwenyewe alisimulia kwamba kwenye ujana wake alikaa na kata tatu za Tekki kwa miaka 10. Wajapani wana maneno matatu kuhusu safari hii, shu, ha, ri. Shu ni kuitunza kata kama ulivyopewa bila kuongeza chumvi, ha ni kuanza kuifungua na kuijaribu nje ya mstari, ri ni pale haufuati tena umbo ila kila unachofanya umbo limo ndani. Wengi tunataka kuruka kwenye ha tukiwa na miezi sita.

Watoto ninaowafundisha jioni nawachorea msalaba wa chaki sakafuni kila mmoja na wake, wanasimama juu yake wanapiga Heian Shodan, na kata hii ukiipiga sawa inakurudisha ulipoanzia. Wiki iliyopita kabinti kamoja ka miaka tisa kalikuwa kanamaliza mbele ya chaki yake, hatua nzima. Sikumwambia kosa lipo wapi, nilimwambia tu ahesabu hatua za kwenda na za kurudi, akarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne akasimama katikati akasema mwalimu, nikirudi nakuwa nimechoka, hatua zinakuwa fupi. Mara ya tano kisigino kikatua juu ya chaki.