Kriptografia ni nini? Anza na saa ya ukutani

Methali inasema fumbo mfumbie mjinga mwerevu ataling'amua, sasa kriptografia ni elimu ya kutengeneza fumbo ambalo hata huyo mwerevu akeshe nalo hatoboi, labda awe na ufunguo. Na njia yenyewe ya kufumba haifichwi, inafundishwa mpaka vyuoni, siri inabaki kwenye ufunguo tu.

Madogo wa form two ninaowafundisha hapa Dodoma niliwapa neno ZABIBU, nikawaambia kila herufi isogee mbele hatua tatu kama alivyokuwa akifanya Julius Caesar wa Roma, wakakwama palepale kwenye Z maana mbele hakuna kitu. Nikawauliza, saa 10 jioni ukiongeza masaa matano inakuwa saa ngapi? Wote, saa 3! Mbona hamjasema saa 15? Basi ndo hivyohivyo, Z ni ya 26, jumlisha 3 unapata 29, toa 26 inabaki 3 ambayo ni C, na neno zima linakuwa CDELEX. Hii hesabu ya kuzunguka na kubaki na baki ndo msingi wa karibu kila kitu huku.

Ila fumbo la Caesar ni dhaifu sana, funguo ziko 25 tu, unajaribu moja moja unamaliza. Halafu angalia E imetokea mara mbili kwa sababu B zilikuwa mbili, na Kiswahili chetu kimejaa herufi A kwahiyo kwenye barua ndefu herufi inayojirudia sana unaihisi mapema. Mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad aliieleza mbinu hii ya kuhesabu herufi tangu karne ya 9.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ufunguo wenyewe unamfikishiaje mwenzio bila kuibiwa njiani? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wakaja na wazo ambalo mimi mpaka leo naliona zuri mno. Chukulia uko Kondoa unataka nikutumie kitu kwa basi, wewe unanitumia kufuli lako likiwa wazi, ufunguo unabaki nao, mimi nafunga tranka kwa kulibonyeza tu, konda hawezi kufungua na hata mimi mwenyewe siwezi tena.

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakalitengeneza kufuli hilo kwa namba tasa. Chukua 3 na 11, zidisha, 33. Unatangaza 33 pamoja na 3 nyingine, siyo ile tasa, hii inasema namba izidishwe yenyewe mara ngapi. Nataka kukutumia 4, nazidisha 4×4×4 napata 64, nagawa kwa 33 inabaki 31, hiyo ndo natuma. Wewe una namba yako ya siri 7, unazidisha 31 yenyewe kwa yenyewe mara saba, unagawa kwa 33, baki ni 4! Hiyo 7 imetokana na 3 na 11, unatoa moja moja zinakuwa 2 na 10, ukizidisha 20, na ile 3 uliyotangaza mara 7 ni 21, ukigawa kwa 20 inabaki 1. Kwahiyo anayeweza kuivunja 33 irudi kuwa 3 na 11 ameshakupata, na ndo maana funguo halisi hutumia namba kama ya tarakimu 617.

Siku ile nusu ya darasa niliwapa 53×61, wengine nikawapa 3233 watafute namba tasa mbili zilizoizaa. Wa kwanza walimaliza chap, hawa wengine kengele iligonga bado wanagawanya.