Panya mkubwa asiyezoea mkono: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Samaki mkunje angali mbichi." Ndilo jibu la kwanza analopewa mtu aliyechukua panya wa kufugwa mwenye umri wa mwaka mmoja, ambaye hajawahi kushikwa na mtu: umechelewa, huyo ameshakauka, hakunjiki tena. Ni kweli kwamba kitoto cha panya kinachoshikwa kwa upole katika wiki zake za kwanza hukua bila kumwogopa binadamu, na kwamba mkubwa huweza kuchukua wiki nyingi, pengine miezi, kufika pale ambapo mtoto hufika kwa siku chache. Lakini panya mzima haachi kujifunza. Kila siku anapima upya lipi la kukimbia na lipi la kupuuza, na wewe unaweza kuhama kutoka orodha moja hadi nyingine. Panya wengi wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo huyo wa mwaka mmoja bado ana sehemu kubwa ya maisha mbele yake.

"Anauma kwa sababu ni mkali." Hapa ndipo panya wengi huhukumiwa bila kusikilizwa. Kwanza tazama anauma vipi. Kuna kudonoa kwa meno bila kutoboa ngozi: hapo anauliza kidole hiki ni nini, hasa kama kina harufu ya chakula au kimepenyezwa kati ya nyaya za tundu. Ukimzoesha kulishwa kupitia nyaya, umemfundisha wewe mwenyewe kwamba kila kinachopenya hapo ni cha kutafunwa. Kuna kuuma kwa woga, ambako karibu kila mara hutanguliwa na dalili: anaganda, anajibana pembeni, anapiga kelele, ndipo anauma na kukimbia. Jike mwenye watoto hulinda kiota. Na panya aliyekuwa mpole kisha akaanza kuuma ghafla apelekwe kwa daktari wa wanyama kabla ya kulaumiwa, maana huenda ana maumivu.

Aliye tofauti na hao wote ni dume lililochemka homoni. Manyoya husimama, hutembea ubavuubavu, hutweta, hujisugua kwenye kuta, nalo huuma kwa kina bila kutaka kukimbia. Huyo uvumilivu peke yake haumtoshi. Kuhasiwa humsaidia mara nyingi, ingawa wiki kadhaa hupita kabla ya tofauti kuonekana.

Akikutoboa, osha jeraha vizuri kwa maji na sabuni. Homa, vipele au maumivu ya viungo yakitokea siku au wiki zinazofuata, nenda hospitali na useme wazi kwamba uliumwa na panya. Ipo homa itokanayo na bakteria wa kinywani mwa panya, na hutibika kwa antibiotiki.

"Mshike kwa nguvu mpaka achoke, atazoea." Anayeshikiliwa hivyo mara nyingi huganda, na mwenye kushika hujipongeza kwamba ametulia. Hajatulia. Mwili wake umesimama kwa hofu, na alichojifunza ni kwamba mkono hauna mlango wa kutokea.

Wapo pia wa upande wa pili: "Mwache tu, atakuja mwenyewe siku moja." Ushauri huu una sura ya huruma, ila panya mwoga akiachwa kabisa anaweza kuishi miezi ndani ya kijumba chake na kuzidi kuamini kwamba kujificha ndiko kulikomwokoa. Kumsubiri kunafaa, mradi katika kusubiri huko kila siku kuwe na kitu kidogo unachomwomba.

Anza na kijiko. Mpe kitu laini cha kulamba, kama mtindi usio na sukari au boga lililopondwa. Kipande kikavu atakinyakua na kukimbia nacho. Cha kulamba hakibebeki, kwa hiyo inambidi abaki nawe sekunde tano, kesho kumi. Siku hadi siku sogeza vidole karibu na ncha ya kijiko, mwishoni kipake kidogo kwenye kiganja. Weka ndani ya tundu kitambaa ulicholala nacho, maana panya humjua mtu kwa pua kwanza. Macho yake ni dhaifu. Mweupe mwenye macho mekundu huona vibaya zaidi, ndiyo maana utamwona akiyumbisha kichwa akijaribu kupima umbali. Kwa sababu hiyo mkono usishuke kutoka juu kama mwewe. Upite ubavuni, polepole, huku ukisema neno lilelile kila siku.

Wakati wa kumtoa, mwache aingie mwenyewe kwenye bomba pana au kisanduku, kisha mpeleke chumba kidogo kisicho na nyufa. Kaa sakafuni dakika ishirini hivi bila kumfukuza. Kumshika mkia ili kumwinua ni marufuku: ngozi ya mkia huweza kuchunika yote. Mbebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya miguu ya nyuma.

"Vaa glavu nene, usiumwe." Kwa siku mbili tatu za hatari, sawa. Zaidi ya hapo panya anazoea glavu, hakuzoei wewe, nawe unambana kwa nguvu usiyoihisi. Taulo iliyokunjwa ni bora.

"Anatoka damu machoni." Ule wekundu kuzunguka macho na pua kwa kawaida si damu. Ni rangi iitwayo porfirini, itokayo kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, nayo huongezeka panya akiwa na msongo au ugonjwa. Ukiuona kila mara baada ya mazoezi yenu, unakwenda haraka mno. Usipoisha, au akikohoa na kupumua kwa kelele, ni kazi ya daktari.

"Yuko kimya, basi yuko sawa." Sikio la binadamu hukomea karibu kilohezi 20, kipimo cha wembamba wa sauti. Panya aliye na hofu hulia kwenye kilohezi 22 hivi, na anayefurahi kwenye 50 hivi. Mtafiti wa ubongo Jaak Panksepp na wenzake walizisikia sauti hizo za juu kwa kutumia vifaa, walipokuwa wakiwatekenya panya miaka ya 1990. Soma mwili basi: masikio, manyoya, mwendo. Hata kusaga meno kuna maana mbili, raha na wasiwasi.

"Mtenge, ili akupende wewe tu." Panya ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake huzidi woga, ilhali mwenzake mpole wa jinsia moja anayepanda mapajani mwako humpa ushahidi ambao wewe huwezi kuutoa. Mgeni atengwe wiki mbili tatu kwa ajili ya magonjwa, kisha wakutanishwe taratibu. Kama ni jike aliyetoka kundi la mchanganyiko, hesabu siku: mimba huchukua siku 21 hadi 23.

"Hata wa porini atakubali tu." Hili silipendi. Huko Novosibirsk, Urusi, watafiti walianza mwaka 1972 kuchagua panya waliotokana na wa porini kwa vizazi na vizazi, ukoo mmoja kwa upole, mwingine kwa ukali, na koo hizo zikaachana kabisa. Upole huo ulitokana na uteuzi wa vizazi, haukupatikana kwa kijiko cha mtindi. Mkubwa wa porini hubeba pia magonjwa kama leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria uenezwao kwa mkojo. Mwache alipo.

Mwishowe kuna kipimo chenyewe. Watu husubiri panya akae begani, na wengine hawatakaa kamwe. Tazama mambo madogo: anakula mbele yako badala ya kuficha, anakupa mgongo, ananawa uso ukiwa karibu. Ukihamisha tundu au ukiosha kila kitu kwa siku moja harufu zake zote zikapotea, atarudi nyuma hatua kadhaa, nawe utarudi kwenye kijiko.