Kipimo thabiti si lazima kiwe sahihi

Nimesoma tena kwamba chombo fulani cha kupima gesi za salfa hewani ni "sahihi sana, kwani hutoa jibu lilelile kila mara." Hapana. Kipimo sahihi ni kile kinachokaribia kiasi halisi kilichopo. Kinachotoa jibu lilelile kila mara ni thabiti.

Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, na hayajawahi kuwa na maana moja. Sahihi ni ndugu wa siha: kitu kizima, kisicho na dosari. Ndiyo maana mwalimu husahihisha mtihani. Thabiti ni kilichosimama imara, kisichoyumba. Lakini mtu anaweza kusimama thabiti kwenye uongo! Nadhani mkorogo unaanzia kwenye kitenzi kuthibitisha, maana tukisikia jambo limethibitishwa tunaliona tayari ni la kweli.

Kwa gesi hizi, tofauti hiyo ni kubwa. Kabonili salfaidi, mojawapo ya gesi za salfa, hufikia takriban molekuli 500 tu katika kila molekuli trilioni moja za hewa. Hata hivyo, mwaka 1976 mwanakemia wa angahewa Paul Crutzen alieleza kwamba hupanda hadi stratosfia, tabaka la juu la angahewa, na kugeuka chembe za salfeti, zile zinazorudisha sehemu ya mwanga wa jua. Sasa tuseme hewa yenye 500 imehifadhiwa mtungini, na gesi kidogo ikanata kwenye kuta. Chombo kinasoma 430, 431, 430. Uthabiti upo, usahihi haupo, na ukirudia mara elfu utapata kosa lilelile mara elfu. Mpira wa kuzibia nao huweza kutoa gesi hiyohiyo na kuzidisha hesabu. Dimethili salfaidi inayotoka baharini ina shida yake: gesi ya ozoni iliyomo hewani huiharibu ikiwa bado njiani kuelekea kwenye chombo, ozoni hiyo isipochujwa kwanza.

Dawa mojawapo inanifurahisha kila nikiifikiria. Pale hewa inapoingia bombani, huongezwa kiasi kinachojulikana cha gesi ileile yenye isotopu nzito, yaani atomi za aina ileile ila zenye uzito zaidi. Ikipotea moja, na nyenzake hupotea kwa uwiano uleule. Kwa hiyo uwiano kati ya hizo mbili ndio husomwa, na kiasi halisi hupatikana.

Basi, ndugu mwandishi, majibu ya chombo yakikaribiana, andika kwamba chombo ni thabiti. Neno sahihi lisubiri mpaka kilinganishwe na gesi ambayo kiasi chake kinajulikana.