Maji ya kunywa na maji ya samaki ni mambo mawili
Jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, alitaka kununua mashine ya kuchuja maji kwa ajili ya tangi lake la samaki. Yakinifaa mimi, akasema, yatawafaa na wao. Wapi! Zile mashine ghali zinazopitisha maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno huondoa karibu madini yote, kalsiamu na magnesiamu zikiwemo, na samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, wanayahitaji. Shida ya maji ya bomba ni klorini, dawa ya kuua vijidudu, inayounguza matamvua. Jaza ndoo, iache wazi siku nzima, klorini itatoka yenyewe. Amonia, sumu wanayoitoa samaki wenyewe, hugeuzwa isiwe kali na bakteria wanaoishi kwenye sponji ya pampu. Sponji hiyo ioshe kwa maji ya tangi, siyo ya bomba, usije ukawaua bakteria hao. Jirani kanunua ndoo mbili.